Manamba, Kipande na Kadi ya Benki

Neno "namba" lina historia yake katika nchi ya Wasukuma. Wakati wa utawala wa Waingereza vijana wengi wa Shinyanga na wilaya za jirani waliandikishwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, hasa ya Tanga na Morogoro. Kila mmoja alipewa namba, na kwa namba hiyo alisafirishwa na kuhesabiwa. Ndiyo maana watu hao wakaitwa manamba. Huko mashambani alikuwa na kipande, yaani kadi yenye nafasi 30, na kila siku ya kazi iliyokamilika ilitiwa alama. Mshahara ulitoka kipande kilipojaa. Msomaji na azingatie jambo hili: kipande kilikuwa hati ya deni, na mdaiwa alikuwa mwajiri. Mfanyakazi ndiye aliyekuwa amemkopesha jasho lake.

Tunaanza na habari hii kwa sababu istilahi za kadi za benki zimetufikia bila historia, na kwa hiyo tunazitumia ovyo. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Mwaka uliofuata mabenki yalitaifishwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, na kwa miaka mingi mwananchi mwenye akiba alikwenda na kitabu chake hadi dirishani, ambako karani aliiona sura yake na kuilinganisha saini yake. Migodi mikubwa ya sasa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, ilianza wakati benki hiyo ilikwisha kugawanywa (mwaka 1997) na kadi zilikuwa njiani. Wachimbaji wadogo wenye maduara na makarasha wangali wakipenda fedha taslimu, au simu. Lakini mwenye kadi hatambulishwi tena na sura yake. Anatambulishwa na namba.

Je, namba hiyo imejengwaje? Kwa kawaida ina tarakimu 16, ingawa kiwango cha kimataifa huruhusu hadi 19. Tarakimu ya kwanza huonyesha kundi: 4 ni ya Visa, na 5 kwa kawaida ni ya Mastercard. Tarakimu za mwanzo, ambazo zamani zilikuwa sita na zikaongezwa kuwa nane katika marekebisho ya mwaka 2017, humtaja mtoaji wa kadi. Hizo ndizo zinazoiwezesha mashine ya dukani Kahama kujua swali lipelekwe benki gani. Zinazofuata ni za mteja. Ya mwisho haimtaji mtu wala benki. Hukokotolewa kutokana na zile zilizoitangulia.

Ukokotoaji huo ulibuniwa na Hans Peter Luhn, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani. Aliomba hataza mwaka 1954 akaipata mwaka 1960. Tuchukue namba fupi ya mfano, 451872. Tukianzia kulia, tarakimu moja huzidishwa kwa mbili, inayofuata huachwa, na kuendelea hivyo. Zao likizidi tisa, tarakimu zake mbili hujumlishwa. Tunapata 4, 7, 7, 1, 1 na 4, jumla 24. Ili kufikia 30 zinahitajika 6, basi namba kamili ni 4518726. Karani akikosea akaandika 4518276, jumla inakuwa 26, nayo haigawanyiki kwa kumi. Mashine inaikataa hapo hapo kabla ya kuuliza benki yoyote. Kosa la tarakimu moja halipiti kamwe. Kupishanisha tarakimu mbili jirani hugunduliwa pia, isipokuwa 0 na 9.

Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa wangeielewa kazi hii upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika harakati alizoziongoza Paul Bomani, walidai wawe na wapimaji wao katika vituo vya kununulia pamba, maana hawakuiamini mizani ya wanunuzi. Mpimaji huyo hakuwa mlinzi wa ghala. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba uzito ulioandikwa ndio uzito wenyewe. (Mfano huu una upungufu: yeye alishuku hila, ilhali Luhn alishuku mkono uliochoka.)

Kwa hiyo hatuna budi kuukataa msemo "tarakimu ya usalama" unaotumiwa na baadhi ya wafasiri kwa ile ya mwisho. Haimlindi mtu, yeyote mwenye kalamu anaweza kuikokotoa. Twapendekeza "tarakimu ya uhakiki".

Kosa la pili lina hatari zaidi. Niliwahi kuletewa kijikaratasi cha maelezo kwa wateja, ambamo tarakimu tatu za nyuma ya kadi na zile nne za kuchukulia fedha kwenye mashine zote ziliitwa "namba ya siri". Mwalimu aliyekileta alikuwa na swali lisilokuwa na jibu: kama muuzaji wa mbali ana haki ya kuulizia namba ya siri, mama yake atajuaje ni ipi asimpe mtu yeyote? Zile tatu hutajwa wakati wa kununua kwa mbali. Zile nne hazitajwi kwa yeyote, hata kwa mfanyakazi wa benki. Jina "namba ya siri" libaki kwa hizo nne peke yake, kama wananchi walivyokwisha kulizoea. Zile tatu zaweza kuitwa "msimbo wa kadi".

Limebaki suala la "kadi ya mkopo", jina ambalo magazeti huipa kila kadi. Kwa macho namba za kadi hizi hazitofautiani. Tofauti iko katika deni: kwa kadi ya mkopo benki inamdai mteja, lakini kadi nyingi za nchini humu hutumia fedha ambayo mteja ameiweka mwenyewe, na hapo mdaiwa ni benki, kama alivyokuwa mwenye shamba la mkonge kipande kilipojaa. Mimi ningependelea "kadi ya amana". Wenzangu ofisini wanasema "kadi ya debiti" imekwisha kuenea, na hoja yao ni nzito. Hata hivyo sijamwona mchimbaji wa Geita aliyeambiwa neno "debiti" akaelewa nani anamdai nani.