Auchterarder na Mtihani wa Mchungaji: Mafundisho na Haki ya Uteuzi katika Kanisa la Uskoti, 1560–1910

Katika Kanisa la Uskoti, kanisa la Kipresbiteri lililozaliwa na Matengenezo ya mwaka 1560, swali la nani amchague mchungaji lilifungamana daima na swali la nani apime mafundisho yake. Auchterarder, mji mdogo wa kaunti ya Perth, uliingia katika historia ya mabishano hayo mara mbili, na kwa sababu zinazoelekea kupingana. Mwaka 1717 presbiteri yake, yaani baraza la wachungaji na wazee wa kanisa wa eneo hilo, ilikemewa kwa kumtahini kijana mmoja kupita mpaka. Kuanzia 1834 presbiteri hiyohiyo ilijikuta mahakamani kwa kukataa kumtahini mwingine hata kidogo. Mambo yaliyopita kati ya kesi hizo mbili, na yale yaliyofuata, yanaonyesha kwamba kipimo cha mafundisho na sauti ya waumini vilikuwa nguzo mbili za mtihani mmoja, lakini ni kwa nadra sana vilipata kuwa imara kwa wakati mmoja.

Waasisi wa kanisa hilo walikusudia viwe pamoja. Kitabu cha Kwanza cha Nidhamu, kilichotungwa mwaka 1560 na John Knox na wenzake watano, kiliagiza kwamba kila usharika uwe na haki ya kumchagua mchungaji wake, na kwamba mteule achunguzwe hadharani na watu wenye elimu kuhusu nguzo za imani, hasa zile zilizobishaniwa na Kanisa Katoliki, kisha ahubiri mbele ya waumini ili wamsikie wenyewe. Usharika uliozembea kwa siku 40 ungepoteza nafasi hiyo, na msimamizi wa jimbo pamoja na baraza lake wangewatafutia mtu; hata hivyo kitabu kilikataza mchungaji kusukumizwa kwa nguvu juu ya watu wasiomtaka. Kitabu cha Pili cha Nidhamu, cha mwaka 1578, kilirudia katazo hilo. Kwa mpango huo wataalamu walipaswa kuhakikisha kwamba mtahiniwa anaijua imani, na waumini walipaswa kuthibitisha kwamba imani hiyo inawafikia anapohubiri.

Mpango huo uligongana na haki kongwe zaidi. Tangu Enzi za Kati, mtu aliyejenga kanisa au kulipatia ardhi na mapato alikuwa na haki ya kupendekeza mchungaji wake, na haki hiyo ilirithiwa na kuuzwa kama mali nyingine yoyote. Wenye uteuzi, ambao walikuwa Mfalme, makabaila na wamiliki wengine wa ardhi, walilindwa na sheria ya mwaka 1592, iliyoitambua mamlaka ya presbiteri lakini ikailazimisha kumpokea kila mtu mwenye sifa waliyemleta. Haki yao ilifutwa mwaka 1649, ikarudishwa baada ya ufalme kurejea, ikaondolewa tena mwaka 1690, kisha ikarudishwa mwaka 1712 na Bunge la London, miaka mitano tu baada ya Uskoti kuunganishwa na Uingereza. Wapresbiteri wengi waliiona sheria hiyo kuwa uvunjaji wa mapatano ya muungano. Isitoshe, baadhi ya makabaila walikuwa wafuasi wa kanisa la kiaskofu, kwa hiyo mtu asiyekubali hata muundo wa Kanisa la Uskoti aliweza kuamua ni nani atakayesimama katika mimbari yake.

Kinga iliyobaki mikononi mwa kanisa ilikuwa kipimo cha mafundisho. Kipimo hicho kilikuwa Ungamo la Westminster, maelezo marefu ya imani ya Kikalvini yaliyokubaliwa na Mkutano Mkuu, baraza la juu kabisa la kanisa, mwaka 1647, na kuthibitishwa na Bunge la Uskoti mwaka 1690. Kwa utaratibu uliokamilishwa mwaka 1711, kila aliyeomba leseni ya kuhubiri, na kila aliyewekewa mikono kuwa mchungaji, alijibu maswali rasmi na kutia saini kwamba mafundisho ya Ungamo ndiyo imani yake mwenyewe. Hata hivyo, wapo walioanza kuhofu kwamba saini peke yake haitoshi, kwa maana mtu aliweza kuliridhia Ungamo zima kwa kalamu na bado akahubiri wokovu kana kwamba ni ujira wa mwenendo mwema.

Hofu hiyo ndiyo iliyoisukuma presbiteri ya Auchterarder kuongeza swali lake. Ilimtaka William Craig, mwanafunzi wa theolojia, akiri kwamba si mafundisho sahihi kusema kuwa ni lazima mtu aache dhambi kwanza ndipo aje kwa Kristo. Nia ya wachungaji wale ilikuwa kulinda fundisho la neema, yaani kwamba mwenye dhambi huitwa jinsi alivyo, na kwamba kuacha dhambi ni tunda la kuja kwake wala si sharti lake. Craig alisita, presbiteri ikamnyima hati ya leseni, naye akakata rufaa. Mkutano Mkuu wa mwaka 1717 uliilaani kauli hiyo kwa maneno makali, kwa kuwa uliona inafungua mlango wa kuidharau sheria ya Mungu, kisha ukazikataza presbiteri zote kumtaka mtahiniwa akiri jambo lolote nje ya maswali yaliyopitishwa na kanisa zima. Mkutano huohuo ulimwachia John Simson, profesa wa theolojia wa Glasgow aliyeshtakiwa kwa mafundisho potofu, kwa onyo la upole. Kwa wengi tofauti hiyo ilionyesha kwamba waliozidisha bidii kwa ajili ya neema waliadhibiwa zaidi kuliko walioilegeza imani.

Mwaka uliofuata James Hog, mchungaji wa Carnock, alichapisha upya kitabu cha Kiingereza cha mwaka 1645, *The Marrow of Modern Divinity*, kilichoeleza neema kwa namna iliyokaribiana na kauli ya Auchterarder. Mkutano Mkuu ulikipiga marufuku mwaka 1720, na wachungaji kumi na wawili waliokitetea, miongoni mwao Thomas Boston wa Ettrick na Ebenezer Erskine, wakakemewa. Tangu hapo pande mbili zilizidi kujitenga. Kundi lililokuja kuitwa la Wastani lilithamini elimu, utulivu na mahubiri ya maadili. Kundi la Kiinjili lilidai mahubiri ya toba, neema na kuzaliwa upya. Watu wa pande zote mbili walikuwa wametia saini Ungamo lilelile.

Kwa sababu hiyo waumini wa kawaida waliitegemea zaidi nguzo ya pili ya mtihani, ambayo ni wito. Wito ulikuwa hati iliyotiwa saini usharikani kumwomba mtahiniwa awe mchungaji wao, na bila hati hiyo, kwa desturi, hakuwekewa mikono. Wenye uteuzi walipoitumia haki yao kwa ukamilifu zaidi, wito uligeuka kuwa karatasi ya kutimiza utaratibu, na presbiteri ilipokataa kumweka mtu asiyetakiwa, Mkutano Mkuu ulituma kamati kutoka nje kuifanya kazi hiyo. Erskine alihubiri dhidi ya mwenendo huo mwaka 1732, na mwaka uliofuata yeye na wenzake watatu wakaunda presbiteri yao huko Gairney Bridge. Mwaka 1752 Thomas Gillespie, ambaye naye alikuwa mchungaji wa Carnock, alivuliwa uchungaji kwa kukataa kushiriki ibada ya kumwingiza mchungaji aliyepingwa na waumini wa Inverkeithing.

Kundi la Kiinjili liliposhika wingi wa kura mwaka 1834, Mkutano Mkuu ulipitisha Sheria ya Kura ya Turufu, iliyosema kwamba wakuu wa kaya wanaume wanaoshiriki Meza ya Bwana wakimkataa mteule kwa wingi wao, presbiteri imkatae bila kudai sababu. Wanawake, ambao nao walimega mkate uleule, hawakuhesabiwa. Sheria ilijaribiwa mwaka huohuo pale Auchterarder. Kabaila wa Kinnoull alimpendekeza Robert Young. Waumini wawili tu wakatia saini wito wake, na wakuu wa kaya 287 kati ya 330 wakamkataa. Presbiteri ilimwondoa bila hata kumtahini, naye Young pamoja na kabaila wake wakaishtaki.

Mahakama ya juu ya Uskoti, mwaka 1838, na Baraza la Mabwana la London, mwaka 1839, ziliamua kwamba presbiteri ilifungwa na sheria ya nchi kumtahini mteule katika elimu, mwenendo na mafundisho, na kwamba kukataliwa na waumini bila sababu hakukuwa sehemu ya sifa hizo. Uamuzi huo uliiacha nguzo ya kwanza ikisimama na kuing'oa ya pili. Watetezi wa turufu walijibu kwamba muumini asiye na elimu hawezi kutaja kosa la mafundisho kwa lugha ya mahakama, ingawa anatambua kwamba mahubiri hayamlishi. Mnamo Januari 1841, huko Marnoch, John Edwards, ambaye wito wake ulikuwa na saini ya mshiriki mmoja, mwenye nyumba ya wageni, aliwekewa mikono kwa nguvu ya amri ya mahakama. Waumini walichukua Biblia zao wakatoka nje kwenye theluji. Tarehe 18 Mei 1843 wachungaji zaidi ya 450 kati ya takriban 1,200 waliacha nyumba na mishahara yao wakaunda Kanisa Huru, na Thomas Chalmers akawa mwenyekiti wake wa kwanza.

Kanisa Huru lilizirudisha nguzo zote mbili: waumini walichagua, na Ungamo likatiwa saini kwa ukali wake wote. Kanisa lililobaki nalo lilipata haki ya uchaguzi mwaka 1874, Bunge lilipoufuta uteuzi wa makabaila. Kwa hiyo misheni ya Waskoti iliyoanza Kibwezi mwaka 1891, ikahamia Kikuyu mwaka 1898 na kuchukuliwa na Kanisa la Uskoti mwaka 1901, ilileta Kenya presbiteri na wazee wa kanisa bila kabaila mwenye uteuzi.

Hata hivyo, nguzo mbili hizo hazikusimama pamoja muda mrefu. Mwaka 1892 Kanisa Huru lilipitisha tamko lililolegeza maana ya kulikubali Ungamo, na baadhi ya wafuasi wake wakajitenga mwaka uliofuata. Mwaka 1910 Kanisa la Uskoti lilianza kumtaka mchungaji aamini mafundisho ya msingi yaliyomo ndani ya Ungamo, bila kuyaorodhesha ni yapi. Kipimo kilipokuwa kikali, waumini walikuwa wamefungiwa nje. Walipopata kura, ukali wa kipimo ulikuwa ukipungua, na uamuzi wa kama mahubiri ya mtahiniwa yanaafikiana na imani ya kanisa ukazidi kuwaangukia wao wenyewe. Mzigo huo ulikuwa mzito kuliko ule waliouomba wakuu wa kaya wa Auchterarder, kwa kuwa wao walitaka sauti katika kumpima mtu kwa kipimo kilichokwisha kukubaliwa, ilhali wajukuu wao walihitaji pia kukubaliana juu ya kipimo chenyewe.