Nyigu wa Paraguay na Muhogo wa Bustani Zetu

Katika bustani nyingi za nchi yetu, kutoka mdomo wa Mto Kongo hadi kando ya maziwa ya mashariki, kuna mmea ambao hatuutazami tena kwa sababu tumeuzoea mno. Mmea huo ni muhogo. Mizizi yake hutupatia ugali na chikwangue, na majani yake hutwangwa yakawa sombe. Mama asipokuwa na fedha ya soko huenda nyuma ya nyumba, akachuma majani, akang'oa shina moja, na watoto wakala. Kwa hiyo, jambo lolote linaloudhuru muhogo linagusa chungu cha kila nyumba.

Miaka 50 hivi iliyopita, mmea huu ulikaribia kututoka. Historia ya namna ulivyookolewa haisimuliwi sana katika vikundi vyetu, ingawa ilianzia hapa kwetu. Tuitafakari leo, maana inatufundisha kuchunguza chanzo cha tatizo kabla ya kukimbilia dawa.

Mgeni aliyevuka bahari peke yake

Muhogo hauna asili ya Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini, ambako watu waliulima kwa maelfu ya miaka. Wareno walifika mdomo wa Mto Kongo mwaka 1482, wakiongozwa na Diogo Cão, na katika karne ya 16 wafanyabiashara wao wakauleta muhogo kutoka Brazil. Ulikuja kwa njia zile zile za bahari zilizowachukua wazee wetu utumwani. Licha ya mwanzo huo wa uchungu, watu wa bara waliupokea na kuufanya wao. Ulistahimili jua na kukubali udongo uliochoka, na mizizi yake iliweza kukaa ardhini miezi mingi ikingoja siku ya njaa. Adui aliweza kuchoma ghala la nafaka, lakini hakuwa na muda wa kuchimba shamba zima la muhogo.

Mmea huu hupandwa kwa vipandikizi, yaani vipande vya shina. Ulipovuka bahari, wengi wa wadudu walioula kwao hawakuvuka pamoja nao. Vilevile hawakuvuka wale wadudu wengine waliowawinda wadudu hao. Kwa karne nne muhogo wa Afrika uliishi mbali na wengi wa adui zake wa zamani. Lakini amani hiyo ilikuwa na hatari ndani yake. Siku ambayo adui mmoja angefika bila mwindaji wake, hapangekuwa na wa kumzuia.

Mwaka 1973

Siku hiyo ilifika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1973, wakati nchi yetu ikiitwa Zaire, wakulima wa pande za Kinshasa, na majirani zao wa Brazzaville ng'ambo ya mto, waliona jambo ambalo hawakuwa wamelizoea. Ncha za mihogo zilijikunja na kusongamana kama ngumi. Pingili za shina zilifupika, majani yakakauka na kupukutika, na chini ya machipukizi kulikuwa na kitu cheupe kama unga uliomwagika.

Unga huo ulikuwa vidudu hai, vilivyojifunika nta nyeupe na kufyonza utomvu wa mmea. Mwaka 1977 mtaalamu Mfaransa, Danièle Matile-Ferrero, alivieleza kisayansi na kuvipa jina la Phenacoccus manihoti. Sisi tutaviita vidudu vya unga. Inadhaniwa kwamba vilifika Afrika juu ya vipandikizi vilivyoletwa kutoka Amerika ya Kusini bila mtu kuvitambua.

Vidudu hivi vyote ni majike, na huzaa bila dume. Kimoja hutaga mayai mamia kadhaa. Mvua kubwa huviosha na kuviangusha, lakini kiangazi kikija huongezeka upesi. Upepo huvipeperusha kutoka bustani moja hadi nyingine, na mkulima anayempa rafiki yake vipandikizi humpa navyo bila kujua. Kwa njia hizo vilitapakaa katika ukanda wote wa muhogo, kutoka Senegal hadi Msumbiji, eneo lenye watu wapatao milioni 200 waliotegemea muhogo. Penye mashambulizi makali, mkulima alipoteza zaidi ya nusu ya mizizi yake na karibu sombe yake yote. Alikosa hata mashina mazima ya kupanda msimu uliofuata.

Kwa nini si sumu?

Jibu la haraka lilikuwa kupulizia sumu. Tufikiri kwa nini jibu hilo halikufaa. Kwanza, mkulima wa muhogo kwa kawaida ni mtu mwenye kipato kidogo. Hangeweza kununua sumu kila kiangazi, wala pampu ya kuipulizia. Pili, nta inayofunika vidudu huzuia maji ya dawa yasivifikie. Tatu, majani ya muhogo ni mboga, na sumu inayopulizwa leo juu ya mmea ingeweza kuingia kesho katika chungu cha sombe. Nne, sumu haichagui. Huua mdudu mharibifu, na huua pia buibui na wadudu wengine wanaotusaidia.

Wataalamu wakachukua njia nyingine. Wengine, kama wale wa Mpango wa Taifa wa Muhogo, PRONAM, huko M'vuazi katika jimbo la Bas-Zaïre, walitafuta mihogo yenye nguvu zaidi. Wengine wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kanda za Joto, IITA, yenye makao yake Ibadan nchini Nigeria, waliuliza swali rahisi: kwa nini kule Amerika, muhogo unakotoka, kidudu hiki hakileti njaa? Jibu lilionekana kuwa moja: kule kuna kitu kinachokila. Hans Rudolf Herren, kijana Mswisi aliyejiunga na taasisi hiyo mwaka 1979, ndiye aliyeongoza kazi ya kukitafuta.

Kosa lililofundisha

Utafutaji haukuwa rahisi. Watafiti walizunguka Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Huko walikuta kidudu cheupe juu ya mihogo, wakafurahi. Wadudu waliokiwinda walipojaribiwa dhidi ya kidudu cha Afrika, hawakufaa kitu. Uchunguzi wa makini ulionyesha kwamba vidudu hivyo viwili vilifanana kwa macho, lakini havikuwa vya aina moja.

Mwaka 1981 mtaalamu Anthony Bellotti, aliyefanya kazi nchini Kolombia, alikiona kidudu chenyewe nchini Paraguay, kusini kabisa ya mahali walipokuwa wametafuta. Huko kilikuwa adimu, na sababu yake ilionekana upesi. Kulikuwa na nyigu mdogo, asiyefika urefu wa milimita 2, ambaye wataalamu leo humwita Anagyrus lopezi. Nyigu huyu hamchomi mtu wala hali mmea. Hutaga yai ndani ya kidudu cha unga. Buu likianguliwa hukila kidudu kutoka ndani, hata kibaki gamba kavu, na kutoka katika gamba hilo nyigu mpya hutoboa na kuruka.

Nyigu hao hawakuletwa Afrika moja kwa moja. Walipelekwa kwanza Uingereza, wakawekwa karantini, ili watu wahakikishe kwamba hawatabeba ugonjwa wala kuleta madhara mengine. Msiba wenyewe ulikuwa umetokana na kitu kilicholetwa bila kuchunguzwa, na dawa yake haikupaswa kurudia kosa hilo. Mwishoni mwa mwaka 1981 waliachiliwa kwa mara ya kwanza karibu na Ibadan. Katika miaka iliyofuata walizalishwa kwa wingi na kuachiliwa nchi kwa nchi, pengine hata kutoka katika ndege, na Zaire ilikuwa mojawapo ya nchi hizo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamekaa na kuzaliana katika nchi zaidi ya 20. Vidudu vya unga havikwisha, lakini vilipungua hadi muhogo ukaweza kuvumilia.

Mkulima hakulipa hata senti moja kwa ajili ya nyigu hao. Hesabu iliyochapishwa mwaka 1988 ilikadiria kwamba kila dola 1 iliyotumika katika kazi hiyo ilileta faida ya dola 149. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Sehemu iliyobaki kwa mwenye bustani

Vijana wapendwa, ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba nyigu alimaliza kazi. Sivyo. Katika miaka iliyofuata watafiti waliona kwamba penye udongo wa mchanga mtupu, usio na rutuba, nyigu hawakushinda vizuri. Sababu yake ni ya ajabu. Mmea wenye njaa hulea vidudu vidogo. Nyigu anayekulia ndani ya kidudu kidogo mara nyingi huwa dume, na dume hatagi. Penye udongo uliofunikwa kwa majani makavu na kupewa mbolea, vidudu vilikua vikubwa zaidi, majike ya nyigu yakazaliwa kwa wingi, na ulinzi ukaimarika. Kwa hiyo, mkulima aliyeutunza udongo aliutunza pia mlinzi ambaye pengine hakuwahi kumwona.

Sisimizi nao wana sehemu yao. Hupenda maji matamu yanayotoka kwa vidudu vya unga, nao huvilinda kwa kuwafukuza nyigu. Ukiona sisimizi wengi wakipanda na kushuka juu ya shina, chunguza machipukizi yake.

Historia hii inatupa mwenendo wa kufuata bustanini. Tupande mapema mvua zinapoanza, ili kiangazi kiukute mmea ukiwa na nguvu. Tuchague vipandikizi kutoka katika mashina yaliyokomaa na yenye afya, tena tuvitazame upande hadi upande kabla ya kuvipanda au kumpa jirani. Tufunike udongo kwa majani makavu badala ya kuyachoma. Tukiona ncha zilizosongamana na zenye unga mweupe, tuzikate na kuziharibu mapema.

Tena tusichanganye magonjwa. Kuna muhogo ambao majani yake yana mabaka ya njano na kijani, tena yamepindika, wala hakuna unga wowote. Huo ni ugonjwa mwingine, unaoitwa batobato, ambao ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Huletwa na virusi, hubebwa na inzi weupe wadogo sana, na husafiri pia ndani ya vipandikizi. Nyigu wa Paraguay hana msaada wowote hapo. Dawa yake ni kung'oa mimea iliyougua ingali michanga, kupanda vipandikizi safi, na kuchagua aina zinazostahimili. Watafiti wa kwanza walipoteza muda kwa sababu ya vidudu viwili vilivyofanana. Nasi tutapoteza mavuno tukitibu mabaka kana kwamba ni unga.

Zawadi iliyorudi baharini

Mwaka 2008 kidudu cha unga kilionekana nchini Thailand, mojawapo ya nchi zinazouza muhogo kwa wingi duniani. Wakulima wa huko waliona yale yale yaliyoonekana Kinshasa miaka 35 kabla yao. Hawakulazimika kuanza upya kutafuta Paraguay. Mwaka 2009 walipokea nyigu kutoka kituo cha IITA nchini Benin, wakawazalisha, na mwaka uliofuata wakaanza kuwaachilia mashambani. Elimu iliyopatikana kwa taabu za wakulima wa Kongo na wa Afrika ikawasaidia watu wa Asia.

Mara nyingi tunazoea kudhani kwamba msaada huja kwetu kutoka mbali, nasi hatuna cha kutoa. Historia hii inatuonyesha vingine. Tatizo lililoanzia katika bustani zetu lilichunguzwa kwa uvumilivu, bila haraka ya sumu, na jibu lake likawa mali ya watu wengi. Basi, kijana atakayesimama kesho asubuhi mbele ya shina la muhogo nyuma ya nyumba yao, akageuza jani na kutazama chini yake, anaendeleza kazi hiyo hiyo.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika bustani za nyumbani kwetu, ni tatizo gani tunalolitibu bila kuchunguza chanzo chake?
2. Tunapowapa wengine vipandikizi, je, tunavichunguza kwanza? Kikundi chetu kinaweza kuanzisha kitalu cha vipandikizi safi kwa ajili ya jirani zetu?
3. Wazee wetu wanakumbuka nini kuhusu kiangazi ambacho mihogo ilikauka? Tuwaulize, tuandike majibu yao, na tuyasome pamoja.