Uhalisi: Neno la Mwaloni Linalohitajika Darasani

Katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma, mnunuzi anayeijua kazi yake hatazami dagaa wa juu ya gunia. Anazamisha mkono hadi katikati, anachota, anawatandaza kiganjani na kuwasugua kwa kidole gumba ili aone kama kuna mchanga na kama wamekauka sawasawa. Swali lake ni moja: hawa ni dagaa halisi wa Kigoma, au wamechanganywa na wa kwingine? Si swali la maringo. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni jamaa wa saradini wa baharini, na wa Ziwa Victoria ni wa ukoo mwingine kabisa.

Halisi ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni kitu safi kisichotiwa kingine. Kutokana nalo tunapata uhalisi, na uhalisi wa maandishi ni hali ya andiko kuwa limetoka kweli kwa yule ambaye jina lake limeandikwa juu ya karatasi. Mwalimu wa fasihi asilichanganye na uhalisia, ambao ni mkondo wa kusawiri maisha yalivyo. Wala si uasili. Insha 40 kuhusu faida za ufugaji zinaweza zote kukosa uasili, kwa kuwa hakuna wazo jipya hata moja ndani yake, na bado kila moja ikawa kazi halisi ya mtoto aliyeiandika.

Wanafunzi wana maneno yao: kudesa, kuangalizia, kukopi na kupesti. Walimu na wahadhiri wao hutumia wizi wa maandishi au wizi wa kitaaluma. Neno wizi lina mahali pake, lakini ni neno la hukumu. Mwalimu aliyeanza nalo amekwisha kumtia mtoto kizimbani kabla ya kumsikiliza. Uhalisi huanza na swali la mnunuzi wa dagaa: hii imetoka wapi?

Mwambao huohuo wa Kigoma una kisa kinachoonyesha tofauti kati ya kuhukumu na kuuliza. Jane Goodall alifika Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, Julai 1960, na madaftari yake ya uwandani yalibadilisha elimu ya sokwe duniani. Machi 2013 gazeti la Washington Post lilifichua kwamba kitabu chake kipya kuhusu mimea, Seeds of Hope, kilikuwa na vifungu vilivyofanana na maandishi ya tovuti mbalimbali, ikiwamo Wikipedia, bila kutajwa vyanzo. Goodall aliomba radhi, kitabu kikaahirishwa, kikatoka mwaka 2014 kikiwa kimesahihishwa. Baadaye alieleza kwamba tatizo lilikuwa namna yake ya kuchukua maelezo bila mpangilio. Mwanafunzi anayenakili ubaoni, kitabuni na kwenye simu katika daftari lilelile, bila kuandika kipi kimetoka wapi, yumo katika hatari hiyohiyo. Huyo anahitaji kufundishwa kunukuu mapema, kabla ya kufikiria adhabu.

Ujiji, jirani na mji wa Kigoma, inatoa somo la pili, na kwa mwalimu ndilo lenye faida kubwa zaidi. David Livingstone, mmisionari aliyekutana hapo na mwandishi wa habari Henry Stanley mwaka 1871, kabla ya kukutana huko alikuwa ameishiwa karatasi. Aliandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu, kwa wino uliotengenezwa kwa mmea wa huko alikokuwa, na maandishi yakafifia mpaka hayasomeki. Mwaka 2011 watafiti walichapisha matokeo ya kuyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali. Habari za mauaji aliyoyashuhudia Nyangwe, ng'ambo ya ziwa, Julai 1871, ziliposomwa upya zilionekana kutofautiana na nakala safi aliyoiandika baadaye, hasa kuhusu watu wa msafara wake mwenyewe. Nakala safi peke yake isingemwambia mtu lolote. Rasimu ndiyo iliyosema. Rasimu ikikosekana, ubishi hauishi: kuhusu maneno maarufu ambayo Stanley alidai kumsalimu nayo Livingstone, wanahistoria wanabishana hadi leo, maana kurasa za shajara yake zinazohusu tukio hilo zilichanwa.

Programu za kutambua maandishi ya akili unde hazina rasimu ya kutazama. Hubahatisha kwa sura ya nje. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu 7 kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, kazi za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. Mtoto wa Kigoma aliyeanza na Kiha, akaja Kiswahili, ndipo akakutana na Kiingereza, asihukumiwe kwa mizani kama hiyo.

Mizani ya mwalimu ni mkono ndani ya gunia. Tuseme mwanafunzi wa Katonga, Kigoma, ameleta insha iliyonyooka kuhusu uvuvi wa dagaa, inayosema wavuvi huingia ziwani kila usiku wa mwaka. Mwalimu anamwita mezani, anaomba rasimu, haipo. Anamuuliza kwa upole, “Na mwezi ukiwa mpevu?” Mtoto anacheka: mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, baba anashinda akishona nyavu. Anaendelea kueleza, haraka kuliko kalamu. Mwalimu anamsogezea karatasi tupu. “Hayohayo, mwanangu. Yaandike hapa.”