Redio Inasema, Benchi Linaamua

Makambako huamka kabla ya jua. Saa kumi na moja alfajiri malori yaliyolala kando ya barabara kuu ya Tunduma yameanza kuunguruma, wapiga debe wanaita abiria wa Njombe na Songea, na mama lishe wanachochea majiko, maana baridi ya huku haina mzaha. Katika kibanda kimoja cha supu, redio ndogo inaning'inia kwenye msumari. Taarifa ya habari ikianza, watu wananyamaza. Ikiisha, mwenye kibanda anapunguza sauti, anageukia benchi na kuuliza: "Sasa hilo mnalionaje?"

Hapo ndipo habari inapoanza kazi.

Vyuoni, mawasiliano hugawanywa mafungu: ya kikundi, ya taasisi na ya umma. Kila fungu lina nadharia zake na mtihani wake. Ukiifuata historia ya Njombe na Makambako, hata hivyo, unayakuta mafungu hayo matatu yakila sahani moja. Ujumbe uliobadilisha maisha ya watu hapa ulipita kote: ukatangazwa, ukajadiliwa, na majibu yakapata njia ya kurudi kwa aliyeutuma. Uliokwama, mara nyingi ulikwama kwa sababu njia hiyo ya kurudi ilizibwa.

Mnong'ono uliofika Ubena

Julai 1905, wakulima wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima na Wajerumani. Vita vya Maji Maji vikaanza. Kabla ya hapo, habari za dawa ya maji zilikuwa zimesambaa kwa njia ambayo wazee, walipohojiwa na watafiti miaka ya 1960, waliiita Njwiywila: mtu anamnong'oneza mwenziwe anayemwamini, naye anamnong'oneza wake, na siri inabaki siri hadi siku yake. Ilipofika Septemba mwaka huohuo, vita vilikuwa vimepanda nyanda za juu, na wapiganaji wa mtawala Mbeyela wa Wabena wakaishambulia misheni ya Yakobi, jirani na mji wa Njombe wa leo.

Hapakuwa na gazeti la kuwaita watu wala kipaza sauti. Kilichobeba ujumbe kutoka bonde hadi bonde ni imani ya mtu kwa mtu.

Miaka 35 baadaye, ng'ambo ya bahari, mtaalamu Paul Lazarsfeld na wenzake waliwafuatilia wapiga kura wa wilaya ya Erie, jimbo la Ohio, Marekani, katika uchaguzi wa 1940. Siku hizo wengi waliamini kwamba redio ni kama sindano: ukimchoma msikilizaji, dawa inaingia. Watafiti wakakuta mambo mengine. Waliobadili msimamo walitaja zaidi maneno ya jirani, ndugu au mfanyakazi mwenzao kuliko ya mtangazaji. Redio na gazeti viliwafikia kwanza wachache wenye kusikilizwa, na hao ndio waliowafikia wengine. Mwaka 1955, Lazarsfeld na Elihu Katz waliifafanua kwa kina nadharia hiyo ya hatua mbili. Njwiywila haikuwa na hatua ya kwanza kabisa. Ilikuwa na ya pili tu, nayo ilitosha kuwasha vita.

Redio inapokwenda darasani

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Mwaka 1965 kituo hicho kikawa Redio Tanzania Dar es Salaam, chini ya serikali. Wakati huo TANU ilikuwa imekwisha kujenga mtandao wake wa mabalozi wa nyumba kumi kumi. Kwa hiyo nchi ilikuwa na sauti moja inayotoka juu, na maelfu ya mabaraza madogo yaliyokaa chini yakisubiri. Swali likawa namna ya kuviunganisha.

Jibu lilitoka katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1969 ilianza kwa majaribio na kampeni ya Kupanga ni Kuchagua, iliyoeleza Mpango wa Pili wa Maendeleo. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971, taifa lilipotimiza miaka kumi ya uhuru, ikaja Wakati wa Furaha. Kisha 1973 ikaja kubwa kuliko zote, Mtu ni Afya.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kutekeleza. Kwa majuma kumi na mawili, vikundi vilikutana mara moja kwa juma kusikiliza kipindi kimoja redioni. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi. Kipindi kikiisha, redio inazimwa, kitabu kinasomwa kwa sauti, watu wanajadili malaria, kuhara, minyoo au kichocho, kisha wanaamua la kufanya kabla ya juma lijalo: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa kama 75,000, na walioshiriki nchi nzima walikaribia milioni mbili, wakati Tanzania ilikuwa na watu wapatao milioni 14.

Wazo lenyewe lilikuwa na ndugu zake duniani. Kanada ilikuwa na mabaraza ya redio ya wakulima tangu 1941, na Uswidi ilikuwa na mazoea ya siku nyingi ya vikundi vya kujisomea. Nguvu yake ilikuwa imeonyeshwa pia katika jaribio la Kurt Lewin wakati wa Vita Kuu ya Pili. Serikali ya Marekani ilitaka akina mama wapike moyo na figo za ng'ombe, nyama zilizodharauliwa kwao. Waliohutubiwa na mtaalamu, ni asilimia 3 tu waliokwenda kupika. Walioketi kikundi, wakajadiliana na kuamua mbele ya wenzao, ni asilimia 32. Mla supu wa asubuhi Makambako atashangaa kwamba kuna watu wa kubembelezwa wale figo, lakini somo halimpiti: hotuba unaweza kuiacha uwanjani, ila neno ulilolisema mbele ya majirani utalala nalo nyumbani.

Ndiyo maana Mtu ni Afya ilichimbisha vyoo ambavyo miaka ya matangazo na faini haikuvichimbisha. Mtangazaji wa Dar es Salaam hakujua kama udongo wa kwenu ni mwekundu au wa mfinyanzi. Kikundi kilijua, na kilijua pia nani ana jembe na nani ni mjane wa kusaidiwa.

Amri inaposhuka peke yake

Miaka hiyohiyo ina upande wake wa giza. Wakati huo Njombe ilikuwa wilaya ya mkoa wa Iringa. Siku ya Krismasi 1971, Mkuu wa Mkoa huo, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi Isimani na mkulima Said Mwamwindi, baada ya kugombana shambani. Chini ya ugomvi huo palikuwa na mgogoro wa ardhi na vijiji vya ujamaa. Mei 1972, chama kilikutana Iringa na kutoa azimio la Siasa ni Kilimo. Novemba 1973, Mwalimu akatangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena bali amri. Operesheni zikafuata, na familia nyingi nchini zikahamishwa, nyingine kwa nguvu.

Max Weber, Mjerumani aliyechambua urasimu mwanzoni mwa karne ya 20, alieleza ngazi za ofisi: kila mmoja ana mkubwa wake, na kila jambo lina faili lake. Ngazi hizo hubeba amri vizuri sana kwenda chini. Kwenda juu, mzigo hupungua njiani. Mtendaji wa kata hapendi kupeleka habari mbaya wilayani, wilaya haitaki kuipeleka mkoani, na ikifika makao makuu imekuwa habari njema. Kilichoshuka na Mtu ni Afya kilishuka kama swali. Kilichoshuka na operesheni kilishuka kama jibu, na mkulima alibaki na jibu lake rohoni.

Mizani chini ya mti

Miaka kumi baadaye mkoa uleule ulijaribu kuifungua njia ya kurudi. Mpango wa lishe wa Iringa, uliosimamiwa na serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia, ulianza kazi katikati ya miaka ya 1980 katika vijiji 168. Filamu kuhusu njaa iliyofichika ilionyeshwa vijijini, ile njaa ya mtoto ambaye hajalala bila kula lakini hakui. Hayo yalikuwa mawasiliano ya umma. Baada yake ikaja mizani.

Kila robo ya mwaka kijiji kilikuwa na siku ya afya. Mizani ya saa inafungwa kwenye tawi la mti, mtoto anavishwa kaptula yenye kamba na kuning'inizwa, analia, mshale unatikisika kisha unatulia. Namba inawekwa kwenye kadi yenye rangi: kijani ni salama, kijivu ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Mama asiyejua kusoma anaiona rangi. Halmashauri ya kijiji inajumlisha, inajiuliza kwa nini, inaamua, kisha takwimu zinapanda kata, wilaya hadi mkoa. Tathmini, uchambuzi, utekelezaji, halafu mzunguko unaanza upya.

Mazungumzo hayo yalitoa mambo ambayo hayakuwa kwenye bango lolote. Chakula kilikuwepo katika nyumba nyingi. Kilichokosekana ni muda wa mama. Alikuwa shambani tangu asubuhi hadi jioni, na mtoto akila mara mbili tu kwa siku. Dawa ikawa vituo vya kulelea na kulisha watoto mchana, pamoja na kuwapunguzia akina mama mzigo. Kati ya 1984 na 1988, utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulishuka kutoka takriban asilimia 6 hadi chini ya 2.

Dereva aitwaye Mkwaju

Makambako ni mtoto wa njia. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ina stesheni hapa, na hapa ndipo barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile ya Zambia. Mji wa malori una biashara, una wageni wa usiku mmoja, na ugonjwa ulipokuja nao ulipita barabara hiyohiyo.

Julai 1993, Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa juma. Mmoja wa wahusika wake alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye mke nyumbani na wapenzi njiani, aliyeishia kuambukizwa Virusi vya UKIMWI. Mchezo ulijengwa juu ya hoja ya mwanasaikolojia Albert Bandura kwamba binadamu hujifunza kwa kutazama yaliyompata mwingine. Ulipimwa kwa jaribio adimu: hadi 1995 kituo cha Dodoma hakikuurusha, ili wasikilizaji wa huko walinganishwe na wengine. Everett Rogers, bingwa wa nadharia ya kuenea kwa mambo mapya, alikuwa miongoni mwa watafiti. Waliona mabadiliko katika uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI, na wakaona kwamba sehemu kubwa yake ilipitia midomo ya watu: mume na mke waliokizungumzia kipindi usiku, madereva waliotaniana kwa jina la Mkwaju.

Kazi haikuisha. Utafiti wa kitaifa wa 2011-12 ulikuta maambukizi Njombe kuwa asilimia 14.8, ya juu kuliko mikoa yote, na ule wa 2022-23 ukakuta asilimia 12.7, bado ya kwanza. Sehemu ya idadi hiyo ni watu wanaoishi miaka mingi kwa sababu ya dawa, na hilo ni jema. Lakini dereva hukaa benchini usiku mmoja tu. Kesho yuko Tunduma, na mazungumzo yanabaki nyuma yake.

Benchi la leo

Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua mlango wa redio binafsi, na Njombe, mkoa kamili tangu 2012, ina redio zake za FM. Simu zimeleta makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya kwaya, ya wakulima wa parachichi. Wataalamu wana majina ya yanayotokea humo. Mhariri anayechagua kipi kipite ni mlinda lango. Vyombo vya habari, walivyoonyesha Maxwell McCombs na Donald Shaw mwaka 1972, havitupangii la kuamini bali la kuzungumza. Na Elisabeth Noelle-Neumann wa Ujerumani alieleza mwaka 1974 jinsi mtu anayehisi yuko peke yake anavyonyamaza, na unyamavu wake ukawatia wengine hofu ya kusema.

Chukua lumbesa. Kila mkulima wa viazi huku anaijua: gunia linaloshonewa kilemba juu, likauzwa kwa bei ya gunia moja. Marufuku yake imetangazwa redioni mara nyingi, na sheria ya vipimo iko wazi kwamba mfuko usizidi kilo 100. Kwa hiyo ujumbe umetumwa, umesikika na umeeleweka.

Rudi sasa kwenye kile kibanda cha supu. Taarifa ya habari imesema tena kwamba lumbesa ni kosa. Mwenye kibanda amepunguza sauti na kuliuliza benchi linaonaje. Upande mmoja ameketi mkulima aliyeshusha viazi jana usiku. Upande wa pili, akipuliza supu yake, ameketi dalali atakayevinunua. Mkulima anaangalia bakuli lake, anaomba aongezewe pilipili.

Redio imefika. Benchi lipo. Jibu la mkulima halijapata pa kupita.