Kutoka Rodi Kopany hadi Thimlich Ohinga

Abiria wa Homa Bay na Rongo wengi huijua Rodi Kopany kwa dirisha tu: soko, pikipiki, makondakta wakiitana. Lakini hapa ni njia panda, na anayekata kuelekea Ndhiwa na Karungu ameshika njia ya zamani kuliko lami yake.

Mashamba ya miwa yanapoanza, umo katika nchi ya Kanyamwa, alikotawala Gor Mahia, mganga na mtemi aliyesifiwa kwa kujigeuza umbo awakwepe adui zake. Waingereza walipoingia walimkuta, wakamfanya chifu. Mwaka 1968 klabu ya soka ilichukua jina lake, na mwaka 1987 ikatwaa Kombe la Washindi barani Afrika. Hivyo maelfu hulitaja jina la mzee huyu uwanjani Nairobi, na sidhani kama mmoja kati ya kumi angekuonyesha Kanyamwa kwenye ramani.

Mbele zaidi, ndani ya Migori, ndipo penye mawe. Thimlich Ohinga ni boma lililojengwa tangu karne ya 16 hivi, kuta kavu zisizo na udongo wala saruji, nyingine zikipita mita nne kwenda juu. Siri yake ni mpangilio: mawe makubwa nje na ndani, katikati vikajazwa vipande vidogo, na mahali pengine ukuta ukategemezwa kwa nguzo za mawe yaleyale. Milango ni mifupi makusudi. Mgeni huingia ameinama, kichwa mbele, na mwenye nyumba akiamua kumpiga hana pa kukwepa. Ndani walikaa watu na ng'ombe wao, wakafua chuma, na mashimo ya bao yamechongwa kwenye mwamba wenyewe.

Nani alijenga? Wajaluo wana simulizi zao, lakini watafiti wengi huwataja pia Wabantu waliotangulia. Waliokuja baadaye walikarabati na kuongeza. Mimi hupendezwa na jibu hilo, maana linawanyima wanasiasa wetu ukuta wa kujigawia.

Maboma yaliachwa mwanzoni mwa karne ya 20, vita vya wizi wa ng'ombe vilipopungua. Serikali ililitangaza hili kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1981; UNESCO ililiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Magari ya Karungu bado hupita Rodi yakiwa yamejaa wafanyabiashara wa samaki.