Nywele za Jack Nicklaus

Mwaka 1950, mfamasia mmoja wa Columbus, Ohio, alimpeleka mwanawe wa miaka 10 kwa kocha mpya wa klabu ya gofu ya Scioto. Kocha aliitwa Jack Grout, mtoto Jack Nicklaus. Grout aliamini kwamba kichwa cha mchezaji ndicho egemeo la pigo zima: kikihama, kila kitu kinahama. Mtoto alipozidi kukisogeza, kocha alimwita msaidizi wake asimame mbele yake, anyooshe mkono na kumshika nywele. Kisha mtoto akaambiwa apige mpira. Kichwa kikisogea, nywele zinavutwa. Nicklaus mwenyewe amesimulia kwamba alitokwa na machozi.

Mtoto huyo alikuja kushinda mashindano makubwa 18, la mwisho likiwa Masters ya 1986, akiwa na miaka 46. Sidhani kuna hadithi iliyoipa nguvu kuliko hii ile amri ambayo mgeni wa gofu hukutana nayo siku ya kwanza, awe Ohio au Nairobi. Mimi niliipata kwa kedi mmoja wa rika la baba yangu. Kabla ya kila pigo alisema, “Kichwa chini, kijana.” Baada ya kila pigo baya alisema, “Umeinua kichwa.” Sikumsikia akitaja sababu nyingine. Tangu hapo nimekuwa nikiisoma historia ya mchezo huu nikiwa na swali moja: amri hii ina ukweli kiasi gani?

Tuanze na ukweli wake, maana upo. Mpira wa gofu una kipenyo cha milimita 42.67. Kutoka katikati yake hadi juu ni sentimita 2 na ushee tu. Mpira ukiwa umelala kwenye nyasi, nawe ukashuka sentimita 2 bila mikono kufidia, fimbo itachimba udongo kabla ya kuufikia. Ukipanda kiasi hichohicho, utaukwangua utosini nao utajiburura chini mita chache. Wala hakuna nafasi ya kujirekebisha. Fimbo na mpira hugusana kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Habari za mgongano huo zinapoufikia ubongo, mpira umeshaondoka. Kwa hiyo anayetaka kupiga vilevile leo na kesho hana budi kuhakikisha kwamba duara la fimbo lake lina kitovu kinachorudi mahali palepale kila mara. Grout hakuwa mjinga.

Swali ni kitovu hicho kiko wapi. Mwaka 1968 mwanafizikia Alastair Cochran na mwandishi John Stobbs walichapisha kitabu cha The Search for the Perfect Swing, kilichotokana na utafiti uliodhaminiwa na Golf Society of Great Britain. Waliurahisisha mwili wa mchezaji ukawa mashine ya wenzo mbili: wa kwanza mikono, wa pili fimbo, zikiungana kwenye viganja na kuzunguka nukta moja. Nukta hiyo waliiweka juu ya kifua, katikati ya mabega. Kichwa ni jirani yake tu. Kwa kuwa shingo inawaunganisha, kifua kikipanda kichwa hupanda nacho. Lakini kichwa kinaweza kugeuka, hata kuinama, bila kifua kuhama.

Ukishaiona tofauti hiyo, watu waliokuwa wakihesabiwa kuwa maajabu wanaanza kueleweka. Curtis Strange aliponyanyua fimbo, kichwa chake kilihama kwa wazi kuelekea kulia pamoja na mwili, kisha kikarudi. Alishinda U.S. Open mwaka 1988 na tena 1989, mtu wa kwanza kulitwaa taji hilo mfululizo tangu Ben Hogan mwaka 1950 na 1951. David Duval na Annika Sörenstam walikwenda mbali zaidi: nyuso zao zilikuwa zimeshaanza kugeukia shabaha wakati fimbo inaufikia mpira. Huo ndio “umeinua kichwa” wenyewe. Duval alimaliza raundi kwa mikwaju 59 Januari 1999. Sörenstam akafanya hivyo Machi 2001, mwanamke wa kwanza kufikia idadi hiyo katika LPGA. Vichwa vyao viligeuka, lakini viligeuka kwa namna ileile kila siku, na kitovu cha duara kilibaki palepale.

Hata Nicklaus, shahidi mkuu wa amri hii, alikuwa na desturi iliyojulikana na kila aliyemtazama: kabla ya kuanza kunyanyua fimbo alikigeuza kidevu kidogo upande wa kulia ili mabega yapate nafasi ya kuzunguka. Alikuwa amejifunza kutokukihamisha kichwa. Hakukigandisha.

Basi kwa nini amri imedumu? Nadhani ni kwa sababu ya anayetazama. Mtu aliyesimama pembeni haoni uzito ukihama kutoka mguu hadi mguu, wala haoni uti wa mgongo ukinyooka mapema. Anaona kichwa. Mpira ukikwanguliwa, kichwa kweli kimepanda, na kosa linapata jina kwa maneno mawili. Lakini mara nyingi kilichopanda kwanza ni kifua, kwa sababu magoti au nyonga zilinyooka. Kichwa kimeleta habari tu, nacho ndicho kinachochapwa. Mwanafunzi akiendelea kukikaza chini hata baada ya mpira kuondoka, anauzuia mwili usimalize mzunguko, na anayelipa ni shingo na mgongo.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Kichwa kilichotulia kinaelea juu ya kazi ya miguu, nyonga na mabega. Nadhani hilo ndilo mkono uliokuwa kwenye nywele ulifundisha, kwa njia ya ukatili: Grout pia alimtaka mtoto apige kwa nguvu zake zote, kwa hiyo mwili mzima ulilazimika kutafuta namna ya kuzunguka kwa kasi chini ya nukta moja. Walioirithi hadithi walibeba nywele, wakaiacha nusu hiyo nyingine.

Ninapotaka kuipima amri hii, humkumbuka Charley Boswell. Alikuwa mchezaji wa futiboli wa Chuo Kikuu cha Alabama, akapofuka vitani Ujerumani mwaka 1944, na gofu alijifunza baada ya hapo. Alikuja kuwa bingwa wa taifa wa gofu ya wasioona nchini Marekani mara 16. Katika gofu ya wasioona, msaidizi humtajia mchezaji umbali na mwelekeo, humsaidia kuuweka uso wa fimbo nyuma ya mpira, kisha hurudi nyuma na kunyamaza. Kinachobaki ni mwili unaojua kitovu chake kiko wapi, na macho hayahusiki.