Asilimia 25 au 100? Historia fupi ya kupima prosesa

Nimepotea kidogo, kuna seva ilikuwa inaninyima usingizi. Ripoti ya usiku iliyozoea kumalizika saa kumi alfajiri ilikuwa inafika saa tatu asubuhi, watu wameshaketi ofisini wanaingoja. Bosi alikuwa ameshaomba bei ya seva mpya ya viini 16. Nikafungua top. Mstari wa juu ukaniambia prosesa inatumika asilimia 25. Chini, kwenye mstari wa programu yangu, asilimia 100. Sasa mwongo ni nani?

Hakuna mwongo. Turudi mwaka 1984. William LeFebvre, akiwa Chuo Kikuu cha Rice kule Texas, aliandika top kwa ajili ya Unix ya BSD. Wazo alilipata kwenye mfumo wa VMS, uliokuwa na amri ya MONITOR PROCESSES/TOPCPU, na jina likatoka hapo hapo. Kwa kawaida mashine za siku hizo zilikuwa na prosesa moja inayogombaniwa na watu wengi, kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: nani anaimaliza? Mia ilikuwa mia, basi.

Linux ilianza rasmi kutumia prosesa zaidi ya moja katika toleo la 2.0, Juni 1996. Tena kwa shida. Kaneli ilikuwa na kufuli moja kubwa, anayeingia ndani anafunga, prosesa nyingine zinapanga foleni kama wapangaji nje ya choo cha ploti. Kufuli hilo liliondolewa kabisa mwaka 2011, toleo la 2.6.39!

Wengi wetu hayo hayakutuhusu hadi 2005, AMD na Intel walipoleta prosesa za viini viwili kwa kompyuta za mezani. Kuongeza kasi ya kiini kimoja kulikuwa kunaleta joto lisilovumilika, wakaamua kuongeza idadi ya viini.

Hapo ndipo hesabu inapochanganya. Fungua faili la /proc/stat. Mstari wa kwanza, cpu, ni jumla. Inayofuata, cpu0, cpu1 na kuendelea, ni ya kila kiini. Humo hamna asilimia hata moja. Kuna hesabu ya muda tangu mashine iwashwe, kwa kawaida katika vipande vya sekunde moja ya mia: muda wa programu, muda wa kaneli, muda wa kukaa bure. Top husoma, hungoja kidogo, husoma tena, kisha hutoa na kugawanya.

Mstari wa juu basi ni wastani wa viini vyote. Seva yangu ina viini vinne. Kimoja kinatoka jasho, vitatu vimelala: 25. Lakini programu hupimwa dhidi ya kiini kimoja, ndiyo maana yangu ilisoma 100, na programu inayojaza viini vyote vinne ingesoma 400. Ukibonyeza I kubwa, top hugawa kwa idadi ya viini. Mwongozo wake unaziita hali hizo mbili Irix na Solaris, majina ya Unix za SGI na Sun, waliouza mashine za prosesa nyingi zamani sana.

Kitufe ninachokitaka mimi ni 1. Kinafungua kila kiini kwenye mstari wake. Anayependa rangi atumie htop ya Hisham Muhammad, iliyotoka 2004. Anayetaka kuhifadhi namba ajaribu mpstat -P ALL 1.

Nilibonyeza 1 bosi akiwa nyuma yangu. Cpu2: 100. Nyingine karibu sifuri. Kwenye seva ya viini 16, programu ile ile ingekaa kwenye kiini kimoja na mstari wa juu ungesoma kama 6 hivi. Ripoti nimeigawa vipande vinne kwa matawi, kila kimoja na programu yake. Jana ilimalizika kabla ya saa nane usiku, na ile karatasi ya bei bado iko mezani kwa bosi, ameweka kikombe cha chai juu yake.